Mazoezi magumu ya bwawani kwa aliyechoka kwenda na kurudi kila siku (uzi mrefu)

Binti Mbizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wa wale wanaojua kuogelea, bwawa zima wanakwenda na kurudi bila shida, lakini mwili umegoma kubadilika na bwawa lenyewe limeanza kuwachosha roho. Anayejifunza kuelea asubiri kwanza, huyo anahitaji mwalimu wa kumshika mkono.

Mimi ni muuguzi hapa Dar, nina miaka 38. Nilikuwa mtu wa kukimbia barabarani mpaka goti la kulia liliponikataza. Daktari akanishauri nihamie kwenye maji. Nikapata bwawa la mita 25, nikawa naenda siku 3 kwa wiki, mara nyingi asubuhi nikitoka zamu ya usiku. Kila siku kitu kilekile: ukuta hadi ukuta mara 40, yaani mita 1,000, mwendo uleule, naoga, naondoka. Miezi mitatu ya kwanza mwili uliitikia. Baada ya hapo, kimya. Mwaka na zaidi ulipita, muda wangu wa mita 1,000 haukupungua hata dakika moja.

Asubuhi moja kulikuwa na watoto wa klabu wanafanya mazoezi mistari ya pembeni. Kocha wao, mzee mmoja mpole, aliniangalia nikimaliza akaniuliza, "Mita 100 unatumia muda gani?" Sikujua. "Na ukipumzika, unapumzika kwa muda gani?" Nikamjibu mpaka nijisikie vizuri. Akasema, "Dada, mikono yako ni mizuri. Ila humu ndani hujawahi kuchoka."

Maneno yale niliondoka nayo. Wiki ileile nikaenda Kariakoo nikanunua saa ya ukutani, ile ya jikoni, uso mweupe na mshale mwekundu wa sekunde. Bwawa letu halina saa kubwa kama za mashindano, kwa hiyo ile yangu naiegemeza kwenye chupa ya maji pale ukingoni. Imeshalowa mara nyingi na kioo kimepata ufa, lakini inakwenda. Saa hiyo imenifundisha kuliko miwani, mapezi na vibao vyote nilivyonunua baadaye.

Niwaeleze kwa nini. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Tena ukiongeza kasi mara mbili, maji hayakukinzi mara mbili, yanakukinza takriban mara nne. Ukijongea taratibu unateleza raha mustarehe. Ukikaza kidogo tu, maji yanakudai. Mtu wa mwendo mmoja amejifunza kukaa pale pasipo na deni, na mwili ukishapajua hapo hauna sababu ya kubadilika.

Kabla ya seti yoyote, yaani mizunguko iliyopangwa pamoja na mapumziko yake, pima kwanza. Pasha mwili dakika 10. Ogelea mita 400 kwa nguvu unayoweza kuihimili mpaka mwisho, andika muda. Pumzika mpaka mapigo yatulie kabisa, halafu ogelea mita 200 hivyohivyo, andika. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, kisha gawanya kwa mbili. Mimi 400 nilitumia dakika 10 kamili, 200 nikatumia 4:40. Tofauti ni 5:20, nusu yake 2:40. Kwa hiyo 2:40 kwa kila mita 100 ndio mwendo ambao mwili wangu ungeweza kuushikilia kwa muda mrefu bila kuishiwa. Makocha wanautumia sana mwendo huu kupangia wachezaji mazoezi, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya saa na kalamu.

Sasa seti ya kwanza, ile iliyonivunja. Mita 100 mara 10, unaondoka ukutani kila baada ya dakika 3, iwe umepumzika iwe hujapumzika. Ukifika kwa 2:40 umejipatia sekunde 20. Ukifika kwa 2:50 una 10 tu. Siku ya kwanza, ya 1 mpaka ya 4 niliona mchezo. Ya 7 mikono ilikuwa kama imefungiwa mawe. Ya 8 nilifika 2:58. Nilikuwa bado sijashika ukuta vizuri, mshale mwekundu ule unakaribia juu, inabidi nigeuke niondoke tena. Ya 9 sikuimaliza. Na zilikuwa mita zilezile 1,000 nilizokuwa naogelea kila siku kwa mwaka mzima.

Ngoja nile nirudi, zinaendelea.

Binti Mbizi

Naendelea.

Ukishaizoea hiyo ya mia kumi, usiifanye kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha, siku nyingine badilisha.

Mimi naipenda ngazi: 50, 100, 150, 200, kisha unashuka 150, 100, 50. Jumla mita 800. Mapumziko sekunde 20 kati ya kila moja, bila kujali ni ndefu au fupi. Kupanda kunadanganya, unajisikia una nguvu. Kazi iko kwenye ile 150 ya kushuka, pale ambapo miguu inaanza kuzama. Hapo ndipo pa kujichunguza: hesabu mikono, yaani mara unazovuta maji mpaka ng'ambo. Kama mwanzoni unavuka bwawa kwa mikono 22 na sasa ni 28, ujue huogelei tena, unapigana na maji. Punguza kasi kidogo, nyoosha mwili, kiganja kiingie mbele ya bega na si katikati ya kichwa, kisha urudishe ile 22. Ukiweza kulinda idadi ya mikono ukiwa umechoka, umeshapata nusu ya faida ya seti nzima.

Siku ya miguu naenda kwenye kina. Unasimama wima, mikono umekunja kifuani, unapiga miguu kichwa kibaki juu. Sekunde 30 kazi, sekunde 30 pumziko, mara 8. Ukiona rahisi, nyanyua mikono maji yaishie kwenye viwiko. Ukiona bado rahisi, nyanyua yote. Mapaja yatawaka kama umepanda ghorofa kumi. Mtu asiyeiamini miguu yake asiende mbali na ukuta.

Kuna na mchezo wa karata, huu tunaufanya watu wanne siku za Jumapili. Unaweka karata kwenye mfuko wa plastiki, kila mtu anachomoa kwa zamu, wote mnaogelea alichochomoa. Namba ni idadi ya mara za kuvuka bwawa. Nyekundu ni mtindo huru kwa kasi, nyeusi ni mtindo mwingine wowote: chura, mgongo, au kupiga miguu na kibao. Akitoka mzungu, ile karata yenye picha ya mtu, awe wa pili, wa tatu au wa nne, wote mnatoka majini mnapiga pushapu 15 ukingoni. Karata 8 zinatosha kabisa. Huwezi kujua kinachokuja, na aliyechomoa 10 nyekundu analalamikiwa mpaka wiki ijayo.

Jambo moja la mapigo ya moyo, kwa wanaovaa saa za kupimia. Ukiwa majini mapigo huwa pungufu kuliko nchi kavu kwa juhudi ileile, mara nyingi kwa mapigo 10 hivi. Mwili umelala, maji yanabana miguu na kusukuma damu kurudi kifuani, na yanakupoza. Usilazimishe kufikia namba zako za kukimbia. Na kunywa maji. Jasho linatoka humo humo bwawani ingawa hulioni.

Karibuni tujadili.

Kijukuu cha Temeke

Dada, uzi mzuri sana huu, nimeuhifadhi. Mimi tatizo langu ni bwawa lenyewe. Ninalolipata ni la hoteli, urefu kama mita 12, Jumamosi limejaa watoto na maboya. Nikisukuma ukuta mara moja na mikono mitano nimeshafika ng'ambo. Mia kumi naifanyaje hapo?

Binti Mbizi

Kaka yangu, usikate tamaa na bwawa fupi. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alijiandaa kwa Olimpiki ya Sydney 2000 kwenye bwawa dogo la hoteli. Bwawa la mita 50 alikwenda kuliona huko huko Sydney. Wenzake wawili wa kundi lake walianza kabla ya mlio wakaondolewa, akabaki peke yake majini, akamaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72 huku uwanja mzima umesimama. Watu wengine wanaikumbuka kama kichekesho. Mimi nikiangalia picha zile naona mtu aliyeingia kwenye umbali ambao hakuwahi kuuogelea na hakushika kamba.

Kwa bwawa lako achana na mita, tumia dakika. Ogelea dakika 2 kwa nguvu, pumzika sekunde 30, mara 8. Usisukume ukuta kwa nguvu, gusa na ugeuke tu, maana kwa mita 12 msukumo wa ukuta unakufanyia robo ya kazi.

Au fanya hivi, ndiyo bora zaidi. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe mpira wa ndani wa zamani. Ukate, uuoshe vizuri, upande mmoja ufunge kiunoni kwa kitambaa kipana ili usikukate, upande mwingine kwenye nguzo imara nje ya maji. Usifunge kwenye ngazi inayocheza. Sasa ogelea: mpira utakuvuta nyuma, utabaki palepale. Dakika 1 kazi, sekunde 30 pumziko, mara 10. Utasikia kila kosa la mkono wako, kwa sababu ukilegeza tu unarudishwa. Nenda saa ambazo watoto hawapo, na omba ruhusa kwa wenye bwawa kwanza.

Mshale 254

Salamu kutoka Nairobi. Mimi huogelea Kasarani, lile bwawa la mita 50 lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Naongeza jambo moja kwa wale wanaotoka bwawa la 25 kuja la 50: msishtuke muda wenu ukiongezeka. Kuta ni nusu, kwa hivyo ile misukumo mliyozoea haipo. Na hapa kwetu tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, pumzi inakatika mapema. Mgeni kutoka Mombasa au Dar ajipe siku kadhaa kabla ya kukimbizana na saa.

Seti yangu ni ya kipepeo, ule mtindo wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja, kwa sababu naona watu wengi wanauogopa. Mita 100 mara 8: nusu bwawa ya kwanza kipepeo, inayobaki mtindo huru wa kawaida. Ni mita 25 tu za kipepeo kila mia. Hapo ndipo nilijifunza kwamba kipepeo si mabega, ni kifua kushuka na nyonga kupanda. Nilianza kuupenda nikiwa kijana, mwaka 2008, Jason Dunford wetu alipoweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo kule Beijing kwenye mchujo, sekunde 51.14, kabla Mserbia Milorad Čavić hajaivunja kwenye mchujo huohuo. Dunford aliingia fainali akawa wa tano. Miaka miwili baadaye akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Delhi. Tangu hapo hakuna anayeniambia kwamba Mkenya ni wa kukimbia tu.

Binti Mbizi

Mshale, asante sana, hiyo ya nusu bwawa naichukua. Kwa sisi wa mita 25 ni ukuta mmoja kipepeo, tatu za mtindo huru.

Baba Twaha

Mleta uzi, mimi nakazania mapafu. Napumua haraka haraka mara 20 hivi, nazama, nakwenda chini kwa chini mpaka ng'ambo na kurudi. Sasa nimefikia mara mbili na nusu. Nipe seti ya kuongeza, nataka nifike mara tatu.

Binti Mbizi

Kaka Baba Twaha, hiyo sikupi, na nakuomba kwa heshima uiache leo hii.

Kinachokulazimisha kuvuta pumzi si kupungua kwa oksijeni. Ni kuongezeka kwa hewa ya kaboni dioksidi kwenye damu. Unapopumua haraka haraka kabla ya kuzama, oksijeni huiongezi kwa kiasi cha maana; unachofanya ni kuitoa ile kaboni dioksidi. Kwa hiyo kengele ya mwili inachelewa kulia. Huko chini unajisikia vizuri, una amani, na oksijeni inaendelea kushuka mpaka ubongo unajizima. Hakuna kizunguzungu cha kukuonya. Na waogeleaji hodari ndio linaowapata, maana asiye hodari angeshapanda juu zamani.

Nimeliona kwa macho yangu. Kijana mmoja, mwogeleaji mzuri kuliko mimi, wenzake wamekaa ukingoni wanamhesabia sekunde. Walifika 70 wakaanza kushangilia. Mimi nilikuwa nafunga nywele, nikaangalia chini nikaona mikono imeelea pembeni, vidole vimelegea. Mtu anayejizuia pumzi vidole vyake havilegei hivyo. Nilizama, tukamtoa wawili, midomo ya bluu, hapumui. Pumzi ya tano niliyompulizia akakohoa. Yuko hai. Kina cha maji pale kilikuwa mita 1.8, na watu sita walikuwa wanamtazama.

Na kwa kuwa nimefika hapa niseme hili kwa wote: mtu aliyezama asipopumua, anahitaji pumzi kwanza. Usimkamue tumbo, usimning'inize kichwa chini. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5, kisha kandamiza kifua mara 30 na pumzi 2, endelea hivyo huku mwingine anaita msaada.

Ukitaka mapafu, ogelea mita 50 mara 8, ukivuta pumzi kila mkono wa tatu, na utoe hewa yote ndani ya maji taratibu, usikie mapovu yakipita masikioni. Wengi wanaohema bwawani hawakosi hewa ya kuingia, wamejaza ile ambayo hawajaitoa. Na ukihisi unataka kupumua, pumua.

Baba Twaha

Dah. Nimekuelewa dada. Mdogo wangu pia tunafanya naye, namwambia leo.

Neema wa Moro

Asante dada kwa elimu. Mimi nina maswali madogo ya kike. Nywele zangu zinakatika na klorini, na mimi ni mtu wa stara, kuna bwawa walinikatalia mavazi yangu.

Binti Mbizi

Neema mpenzi, nywele zilowanishe na maji safi ya bomba kabla hujaingia, kisha paka mafuta ya nazi kidogo, halafu ndiyo kofia. Nywele iliyokwisha kunywa maji safi hainywi sana yale ya klorini. Ukitoka suuza palepale, usisubiri nyumbani.

Kuhusu stara: yapo mavazi ya kuogelea ya mwili mzima pamoja na kofia, ya kitambaa cha kuogelea chenyewe, na mabwawa mengi yanayakubali. Wanachokataa ni pamba, kwa sababu inavimba maji, inakuwa nzito. Ukiwa umevaa hivyo maji yanakukinza zaidi, basi usilinganishe muda wako na wa mwingine, linganisha na wako wa mwezi jana. Uliza pia kama wana saa za wanawake peke yao.

Kijukuu cha Temeke

Wakuu, nimerudi na ripoti. Wiki ya tano sasa na mpira wa baiskeli. Wiki ya kwanza niliweza dakika 1 mara 4 nikatapika. Juzi nimemaliza mara 10. Jumapili rafiki yangu akanipeleka bwawa la mita 25, nikapima kama ulivyoelekeza: 400 ni dakika 11:20, 200 ni 5:20. Kwa hiyo nina dakika 3 kwa mia. Najua ni pole pole, ila mara ya mwisho nilipojaribu 400 sikuimaliza.

Binti Mbizi

Kijukuu, nimesoma hii nikiwa zamu nikatabasamu peke yangu wodini. Hongera sana kaka! Hesabu yako ni sahihi: tofauti 6:00, nusu yake 3:00. Wewe mia kumi yako ondoka kila dakika 3 na sekunde 20.

Mimi mwezi huu nimepima upya: 400 ni 9:12, 200 ni 4:20, kwa hiyo nimetoka 2:40 mpaka 2:26. Na kwa wale waliozoea seti zote za juu, hii ndiyo ninayopambana nayo sasa. Mita 100, unaondoka baada ya dakika 3. Inayofuata 2:55. Kisha 2:50, 2:45, unapunguza sekunde 5 kila mara, mpaka saa ikuache. Mapumziko yanayeyuka yenyewe: mwanzoni unapata muda wa kunywa maji, ya tano unapata kuvuta pumzi chache, baada ya hapo unagusa na kugeuka. Iandike uliyoishia, hiyo ndiyo alama yako.

Jumanne nilimaliza ya 7, ile ya 2:30, nikiwa na sekunde 2 mkononi. Ya 8 nilitakiwa kwa 2:25, nikafika 2:29. Nimeiandika kwa kalamu nyuma ya ile saa ya jikoni. Ijumaa asubuhi nikitoka zamu nairudia.